Ombi la programu linapokwama: logi, curl, proksi au Wireshark?

Nilikuwa na programu ndogo ya Python kwenye seva ya kukodi, ambayo kila jioni baada ya duka kufungwa ilituma hesabu za mauzo kwenye huduma moja ya malipo. Kwenye kompyuta yangu ya mkononi ilifanya kazi vizuri, lakini ilipohamishiwa kwenye seva ikawa inajibiwa 401 kila mara, yaani huduma haikumtambua mtuma ombi. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hukikimbilia: nikaliandika ombi lile lile kwa curl, programu ya kutuma maombi ya mtandao kwa amri ya kuandika, kwenye seva ile ile, kwa tokeni (ufunguo wa utambulisho) ile ile, na jibu likaja 200, yaani ombi limekubaliwa. Kwa siku mbili nzima niliishuku huduma ya watu, nikawaandikia mafundi wake na kubadilisha tokeni mara tatu. Nilidhani curl imetuma ombi langu, kumbe ilikuwa imetuma ombi lake.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoitumia sasa kuchagua chombo cha kutafutia hitilafu. Vipo vyombo vinavyolitazama ombi lenyewe lililotoka kwenye programu yako, na vipo vinavyotunga ombi jingine linalofanana nalo. Vyote vina kazi yake, ila ushahidi wake haulingani uzito. Ninavyovilinganisha hapa ni logi za programu yenyewe, curl, seva ya mwangwi, proksi ya uchunguzi, na vinasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) kama Wireshark. Mifano yangu ni ya Python na requests, maktaba yake ya kutuma maombi ya HTTP, kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo, ingawa sehemu kubwa ya maelezo inamhusu hata anayetumia lugha nyingine.

Kuiuliza programu yenyewe

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kutangulia, ingawa wengi huiruka. Katika requests, kila jibu hubeba ndani yake ombi lililolizaa: r.request.method, r.request.url, r.request.headers na r.request.body. Mistari minne ya print inatosha. Kinachochapishwa ni ombi kama maktaba ilivyoliandaa baada ya kuongeza na kupunguza mambo yake, na mambo hayo si machache. Ukiipa kamusi kupitia data=, hutuma fomu yenye Content-Type ya application/x-www-form-urlencoded; ukiipa kamusi hiyo hiyo kupitia json=, hutuma JSON na kichwa chake. Seva inayotarajia JSON ikipokea fomu hujibu 400, 415 au 422, zote zikiwa namba za kulikataa ombi, kutegemea uungwana wa aliyeiandika. Vilevile, ombi la POST (la kutuma data) likijibiwa 301 au 302, yaani nenda anwani nyingine, requests hulifuatilia kwa GET (ombi la kusoma tu) na kuuacha mwili wa ombi njiani. Ndiyo maana mtu aliyeandika http:// mahali pa https://, seva ikamwelekeza kwenye https, huweza kupata 405 (aina ya ombi hairuhusiwi) asielewe imetoka wapi, kwa kuwa msimbo wake unasema POST. Orodha ya r.history humwonyesha kila kituo ambacho ombi limepitia.

Ile 401 yangu iliisha hapa. Nilichapisha r.request.headers["Authorization"] nikakuta inaanza na Basic (utambulisho wa jina na nenosiri), ilhali mimi nilikuwa nimeandika Bearer (utambulisho wa tokeni). Kwenye seva ile kulikuwa na faili la .netrc lililoachwa na aliyeitumia kabla yangu, lenye jina na nenosiri la anwani ile ile ya huduma. Sasa requests, isipopewa kigezo cha auth, hulisoma faili hilo bila kuuliza, na ikikuta anwani inayolingana hukiandika upya kichwa cha Authorization juu ya kile ulichokiweka kwa mkono. Nyaraka zake zinalieleza jambo hilo waziwazi. Mimi ndiye sikuzisoma. Kwa upande wake, curl hailigusi faili la .netrc mpaka uiagize kwa -n, na kwa hiyo ombi lake lilipita. Niliweka trust_env = False kwenye Session na tatizo likaondoka. Hata hivyo, hatua hiyo huifanya requests ipuuze pia vigezo vya proksi vilivyowekwa kwenye mazingira ya mfumo, kwa hiyo aliye nyuma ya proksi ya ofisi afadhali aandike darasa lake dogo la auth linaloweka tokeni.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ombi likifia njiani hakuna r ya kuuliza. Hitilafu yenyewe hubeba ombi katika e.request, lakini haikuambii mengi kuhusu yaliyotokea kwenye waya. Hapo ndipo unapowasha http.client.HTTPConnection.debuglevel = 1 na kuishusha logi ya urllib3, maktaba inayofanya kazi chini ya requests, hadi kiwango cha DEBUG. Utaona mstari wa ombi, vichwa vyote pamoja na Host ambayo r.request.headers haikuonyeshi, na majaribio ya kurudia ambayo maktaba huyafanya kimyakimya ukiwa umeiruhusu. Kuwa mwangalifu na mambo mawili. Kwanza, debuglevel huchapisha kwenye towe la kawaida, kwa hiyo programu ambayo towe lake husomwa na programu nyingine itaharibu data. Pili, huchapisha tokeni na mwili wa ombi bila kuficha chochote. Ikiwa ndani yake mna namba za simu za wateja, faili hilo la logi linaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya, au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, na si vyema kulibandika kwenye kundi la WhatsApp ukiomba msaada.

curl: shahidi mzuri wa njia, shahidi dhaifu wa msimbo

Daniel Stenberg wa Sweden alianza kuisambaza curl kwa jina hilo mwaka 1998, na leo ni vigumu kukuta seva isiyo nayo. Nguvu yake ni kuigawa safari ya ombi katika hatua zinazoonekana. Ukiiendesha kwa -v, unaona jina la seva likigeuzwa kuwa anwani ya IP, muunganisho ukifunguliwa, mapatano ya TLS (usimbaji wa mazungumzo) na cheti cha seva, kisha vichwa vilivyotumwa vikiwa na alama ya > na vilivyopokelewa vikiwa na alama ya <. Ikishindwa, hutoa namba inayotaja hatua iliyokwama: 6 ni jina lisilopatikana kwenye DNS (mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani za IP), 7 ni muunganisho ulioshindikana, 28 ni muda kwisha, na 60 ni cheti kisichoaminika. Kwa wepesi huo, requests haiifikii, kwani hitilafu zake huja zimefungwa moja ndani ya nyingine hadi ujumbe wenye maana unausoma mwishoni kabisa.

Kwa ombi linalochelewa, curl ndiyo ninayoichagua bila kusita. Kigezo cha -w hukupa time_namelookup (jina kupatikana), time_connect (kuunganishwa), time_appconnect (TLS kukamilika), time_starttransfer (jibu kuanza kufika) na time_total (safari nzima), zote zikihesabiwa tangu mwanzo wa safari, kwa hiyo tofauti kati ya mbili zinazofuatana ndiyo muda wa hatua yenyewe. Ukiona time_namelookup imezidi sekunde 5 kidogo tu, angalia /etc/resolv.conf: yawezekana seva ya kwanza ya DNS iliyoandikwa humo haijibu, na mfumo wa Linux huisubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu inayofuata. Ikiwa pengo kubwa liko kati ya time_appconnect na time_starttransfer, njia ni nzima na anayechelewa ni seva ya huduma, kwa hiyo kuongeza kasi ya intaneti hakutasaidia kitu.

Lakini curl ikifaulu mahali ambapo programu imeshindwa, matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Tofauti baina ya curl na requests ni nyingi kuliko zinavyoonekana. curl hutumia HTTP/2 kwa anwani za https pale inapowezekana, ilhali requests hubaki kwenye HTTP/1.1. curl haifuati maelekezo ya 301 mpaka uipe -L, na ukiipa -L pamoja na -X POST itashikilia POST mpaka mwisho, kinyume kabisa na ilivyofanya requests kwenye mfano wangu wa 405. Ndipo unapoona amri imefaulu na programu imeshindwa, ukaanza kumtafuta mchawi. curl huipuuza HTTP_PROXY iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kuitambua http_proxy peke yake, lakini Python husoma zote mbili. Kwa kawaida curl kwenye Linux hukagua vyeti kwa kutumia orodha ya mfumo, na requests hutumia orodha inayokuja na kifurushi cha certifi, kwa hiyo cheti cha ndani cha shirika ambacho msimamizi amekisajili kwenye mfumo kitakubaliwa na ya kwanza na kukataliwa na ya pili, mpaka uweke REQUESTS_CA_BUNDLE.

Tofauti inayosumbua zaidi kuliko zote, na isiyotajwa sana, ni ile ya IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao inayotumika sambamba na IPv4 ya zamani. Seva ikiwa na anwani za aina zote mbili, na mtandao wako ukawa na IPv6 iliyowekwa nusunusu, curl huanza na moja na baada ya sehemu ndogo ya sekunde hujaribu nyingine sambamba, kisha huendelea na iliyojibu kwanza. requests huzijaribu moja baada ya nyingine, na huenda kwenye ya pili baada tu ya ile ya kwanza kushindwa kabisa. Mtumiaji anaona curl imejibu papo hapo na programu imeduwaa zaidi ya dakika mbili. Dawa ya kulithibitisha hilo ni kuiendesha curl mara mbili, mara moja kwa -4 na mara nyingine kwa -6.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kushindwa kwa curl kwenye mashine ile ile ni habari nzito, kwa sababu kunaondoa msimbo wako kwenye orodha ya washukiwa, lakini kufaulu kwake kunathibitisha tu kwamba njia ipo. Ukihitaji kuilinganisha kwa haki, inakili amri kutoka kwenye vichwa vilivyochapishwa na programu, si kutoka kwenye kumbukumbu yako. Na ukitengeneza kichwa cha Basic kwa mkono, kumbuka kwamba echo huongeza mstari mpya mwishoni, na base64, amri ya kukigeuza kichwa hicho kuwa herufi za kawaida, huusimba mstari huo pamoja na nenosiri, kwa hiyo tumia printf. Huduma nyingi za malipo ya simu huanza kwa kukudai kichwa cha aina hiyo ili zikupe tokeni, na nimeona zaidi ya mtu mmoja akikataliwa mlangoni kwa sababu ya herufi moja isiyoonekana.

Seva ya mwangwi

Hii haihitaji maneno mengi. Ni seva inayokurudishia ombi lako kama ilivyolipokea, kwa mfano anwani ya /anything ya httpbin. Hufaa pale unapotumia maktaba usiyoijua au programu isiyokuruhusu kuchapisha chochote, na inakuonyesha yale ambayo proksi iliyoko katikati imeyaongeza. Usiitumie ya hadharani kwa tokeni halisi. Httpbin inaweza kuendeshwa kwenye mashine yako mwenyewe. Lakini kwa kuwa umebadilisha anwani, hitilafu zinazotegemea anwani hujificha: faili langu la .netrc lisingeonekana hapa hata kidogo.

Proksi ya uchunguzi

Chombo kama mitmproxy husimama kati ya programu na seva, hulifungua ombi, hulionyesha, kisha hulipitisha. Faida yake juu ya logi ni kwamba hakijali lugha ya programu, na faida yake juu ya curl ni kwamba kinaliona ombi lako halisi. Kinachonivutia zaidi ni uwezo wa kulirudia: unalichagua ombi lililokataliwa, unabadilisha kichwa kimoja, unalituma tena, na kwa dakika chache unajua ni kipi hasa kilichoikera seva. Kwa programu inayotuma maombi 40 mfululizo, ambapo la 37 ndilo linalokataliwa, sijaona chombo kinachoishinda, kwani logi za print hukuzamisha na curl haikumbuki vidakuzi vya safari iliyotangulia mpaka uipangie.

Kuiweka ndiko kunakowachosha watu. mitmproxy husikiliza kwenye mlango namba 8080, na programu huelekezwa huko kwa HTTPS_PROXY=http://127.0.0.1:8080. Herufi s ipo kwenye jina la kigezo na haipo kwenye anwani, na si kosa la uchapaji. Anayeiongeza kwenye anwani huiambia maktaba izungumze TLS na proksi yenyewe, na muunganisho huweza kukatika. Kisha lazima programu ikiamini cheti cha mitmproxy, kilichomo kwenye folda ya .mitmproxy ya mtumiaji. Kwa requests kinatajwa kupitia REQUESTS_CA_BUNDLE na kwa Node.js kupitia NODE_EXTRA_CA_CERTS. Hata hivyo, fetch ya Node.js kwa kawaida haivifuati vigezo vya proksi vya mazingira, kwa hiyo usishangae dirisha la mitmproxy likibaki tupu.

Mipaka yake inafuata kutokana na mahali inaposimama. Mapatano ya TLS na seva sasa yanafanywa na proksi, wala si na programu yako. Kama tatizo lilikuwa cheti, toleo la TLS au ile IPv6 iliyolala, linaweza kutoweka mara tu unapowasha proksi na kurudi unapoizima. Kutoweka huko kwenyewe ni kidokezo: maneno ya ombi yako sawa, na kinachoshukiwa ni muunganisho.

Wireshark na tcpdump

Wireshark, iliyozaliwa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal na kupewa jina la sasa mwaka 2006, huiona kila pakiti inayotoka na kuingia. Kwenye seva isiyo na skrini, unanasa kwa tcpdump kwenye faili, unalichukua faili hilo na kulifungua kwenye Wireshark nyumbani. Inahitaji ruhusa za msimamizi, ambazo kwenye seva ya kukodi ya bei nafuu huenda usiwe nazo, na inahitaji uvumilivu.

Kwa hitilafu za 400 na 401 haina faida, kwa kuwa maneno ya ombi yamesimbwa. Inawezekana kuyafungua kwa kuweka kigezo cha SSLKEYLOGFILE, ambacho curl hukifuata na Python pia tangu toleo la 3.8 kwa miunganisho inayotumia mipangilio yake ya kawaida, lakini ukifika huko kwa ajili ya kusoma kichwa kimoja, proksi ingekufikisha mapema. Mahali pake halisi ni kwenye ukimya. Muunganisho uliokataliwa na ule ulioisha muda huweza kuonekana kwa programu kama kushindwa kwa aina moja, ila kwenye waya ni vitu viwili: katika wa kwanza seva hujibu kwa pakiti ya RST, maana yake mashine ipo na hakuna anayesikiliza kwenye mlango huo, katika wa pili pakiti za SYN (za kuomba muunganisho) huondoka moja baada ya nyingine bila jibu, na aghalabu kuna ukuta wa moto unaozimeza. Kuna pia hitilafu ambayo bila kinasa pakiti ni vigumu kuitambua: maombi madogo yanapita, lakini POST yenye mwili mkubwa inaduwaa mpaka muda unakwisha. Mara nyingi hiyo ni njia, hasa ya VPN, isiyoweza kupitisha pakiti za ukubwa wa kawaida na isiyotoa taarifa. Kwenye Wireshark utaziona pakiti kubwa zilezile zikitumwa tena na tena bila kuthibitishwa kupokewa.

Kuchagua kwa kufuata dalili

Ukipata jibu lenye namba ya 400 hadi 422, ombi limefika na limesomwa, kwa hiyo achana na vyombo vya mtandao na uiulize programu kwanza, kisha proksi ikibidi. Ukipata 429, huhitaji chombo chochote: soma kichwa cha Retry-After kama kipo na upunguze kasi. Kwa 502 na 504, aliyejibu ni seva ya mbele iliyoshindwa kupata jibu linalofaa kutoka kwa ile ya nyuma yake, na kazi yako ni kuhifadhi saa na maelezo ya ombi ili uwape wenye huduma. Kosa la cheti lipeleke kwa curl -v, na lisipoeleweka, kwa openssl s_client. Ikiwa anwani inafunguka kwenye kivinjari na kukataliwa na curl na Python kwa pamoja, yaelekea seva imesahau kutuma cheti cha kati (kinachounganisha cheti chake na mamlaka inayoaminika), ambacho vivinjari vina njia ya kukitafuta vyenyewe. Kuweka verify=False kunaiondoa dalili na kuyaacha mazungumzo ya malipo wazi kwa yeyote aliye njiani.

Programu ikiduwaa bila kusema neno, kabla ya kufungua chombo chochote weka timeout, kwa sababu requests isipoambiwa husubiri bila kikomo. Mimi huandika jozi kama timeout=(3.05, 27), ya kwanza ikiwa ya kuunganishwa na ya pili ikiwa ya kusubiri kati ya kipande kimoja cha data na kingine. Itakayokwisha kati ya hizo mbili ndiyo inayochagua chombo: ya kwanza inakupeleka kwa curl -4 na -6, halafu tcpdump, ya pili inakupeleka kwa curl -w.

Inabaki aina moja ambayo vyombo vyote vitano hupita juu yake, kwa sababu kwao ombi halina kasoro. Huduma nyingi hudai muhuri wa muda ndani ya mwili wa ombi au ndani ya tokeni. Python kwenye kompyuta ya Mombasa au Dar es Salaam hutoa saa za Afrika Mashariki kwa datetime.now(), na msimbo huo huo kwenye seva iliyowekwa kwa UTC hutoa saa zilizo nyuma kwa saa 3. Logi, proksi na curl vitauonyesha muhuri huo bila kunung'unika. Chapisha muhuri ulioutuma pamoja na kichwa cha Date cha jibu, ambacho siku zote huwa kwa saa za GMT, uviweke mstari mmoja. Pengo la saa 3 kamili lina maana ya eneo la saa, na pengo la dakika chache lina maana kwamba saa ya seva yako imechelewa au imekimbia.